Kivuli Juu ya Kijumba cha Mzimu

Bosi Thawatchai, mkandarasi wa pete tatu kwenye mkono mmoja, alikuja kuamua kama jengo letu la Thonburi liendelee au liachwe lioze. Injinia Orawan alikuwa amepima nguzo wiki nzima, akaandika yote, akamkabidhi bahasha. Bosi hakuifungua. Alikuja na mnajimu.

Nilisimama pembeni roho mkononi. Chumba kimoja cha ghorofa ya saba ni changu, tulikinunua mimi na marehemu mume wangu. Miaka tisa nimelinda kiwanja hiki nikiishi kwenye banda la mabati, nasubiri kuhamia.

Mnajimu akazunguka, akanusa hewa, akasimama mbele ya kijumba cha mzimu wa kiwanja, kile kidogo juu ya nguzo anamokaa mzimu anayelinda ardhi. Mimi ndiye ninayekiwashia ubani na kukiwekea soda nyekundu kila asubuhi.

"Kivuli cha jengo kinamwangukia mzimu," akasema. "Ndiyo maana kazi ilikwama."

"Na nondo zilizoshika kutu kule juu?" Orawan akauliza.

"Dada, nondo hazina nyota," bosi akamjibu, akacheka peke yake.

Mahali pasipofikiwa na kivuli palikuwa bandani kwangu tu. Wakalibomoa siku hiyohiyo. Siku ya heri aliyoichagua mnajimu, saa tatu na dakika tisa asubuhi, kijumba kikasimikwa pale, kikawekewa kichwa cha nguruwe, na chini ya kichwa bahasha ya Orawan badala ya sahani. Winchi ikazungushwa mzunguko mmoja tu, wakapiga picha, wakaondoka. Mapunguani wale hawakuacha hata koleo.

Nikabeba godoro langu mpaka ghorofa ya saba, kwenye chumba kisicho na kuta. Kijumba sikukigusa tena.

Wiki ya pili bosi akaja kupiga kelele chini. "Mama Lamyai! Mnajimu anasema mzimu amenuna! Bila ridhaa yake sirudishi mafundi. Shuka umpe soda, mama yangu!"

"Mpe mwenyewe! Umemhamishia kwangu."

Akapiga magoti na suruali yake ya pasi, akafungua soda, akawasha ubani, akaunguza kidole. Kisha akainua uso. "Mama, wewe amekuzoea. Anasemaje?"

Nilimdharau mpaka nikamhurumia kidogo.

"Anasema fungua bahasha."

Akaichomoa, imelowa mafuta, akaifungua kwa mikono miwili, kwa heshima ambayo Orawan hakuwahi kuipata. Jumatatu mafundi wakapanda kukata nondo zenye kutu.