Nzi Waliokataa Dawa ya Serikali

Napenda ieleweke tangu mwanzo kwamba sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na nia ya kuwachekesha watu, jambo ambalo katika shule yetu ya bweni pale Mbulu lilihesabiwa kuwa baya zaidi.

Ilikuwa mwaka 1953, siku ya ukaguzi. Bwana Afya, Mzungu mrefu mwenye kaptula iliyopigwa pasi hadi ikawa na makali, alikuwa amekaribishwa chai katika chumba chetu cha kulia. Nzi mmoja wa jikoni akatua ukingoni mwa kikombe chake, akatazama huku na huku, akaingia kuoga. Bwana Afya akakiweka kikombe chini taratibu. Huo ulikuwa mwaka wa tatu serikali ikituletea unga wa DDT ndani ya makopo, na kila mwezi Mzee Hermani, mpishi wetu, aliukoroga kwa maji na kuzipulizia kuta za jiko kwa bomba. Kwa mujibu wa karatasi zilizopelekwa bomani, shuleni kwetu hapakuwa na nzi tena.

"Kwa nini hii nzi iko hai?" akauliza Bwana Afya.

Walimu wakainamia vikombe vyao. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na birika, na ulimi wangu haujawahi kuvumilia kimya. Nikasema kwa adabu kubwa, "Labda Mzee Hermani huwaonea huruma, bwana. Hutia maji mengi na dawa kidogo."

Wenzangu walikohoa ili kuficha vicheko. Bwana Afya hakukohoa. Alitoa daftari, akaandika. Dawa ilikuwa imetoka Uingereza, kwa hiyo haikuwezekana ishindwe. Nzi naye alikuwa mzaliwa wa Mbulu tu, hakuwa na elimu ya kuishinda. Akabaki mtu mmoja wa kulaumiwa, naye alikuwa jikoni akimenya viazi. Kabla chai haijapoa, Mzee Hermani alikwisha kuambiwa kwamba ameiba dawa ya serikali na kuiuza sokoni, kwamba amesimamishwa kazi, na kwamba Ijumaa Bwana Afya angerudi kutia sahihi barua ya kumfukuza.

Mzee Hermani alikuwa ameipikia shule ile miaka kumi na mmoja, na kule kijijini Daudi alikuwa na watoto sita waliokula kwa kazi hiyo. Nilimkuta akikunja aproni yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni wewe uliyesema?"

"Nilikuwa natania, mzee."

"Najua," akasema. "Mzungu ndiye hajui."

Ningefurahi zaidi kama angenipiga mwiko.

Nikaenda kwa Mwalimu Joakimu, aliyetufundisha sayansi, nikaungama. Alinisikiliza kwa uso wa mtu anayemeza kwinini, kisha akaniuliza kama nilikumbuka mwezi wa kwanza wa dawa.

"Nakumbuka, mwalimu. Tulizoa nzi kwa ndoo."

"Walikufa wote?"

"Walibaki wachache."

"Hao wachache ndio mababu wa hawa." Akachora nzi ubaoni, mnene kuliko desturi. "Dawa ikiingia mwilini mwa nzi wa kawaida, inakwenda moja kwa moja kwenye neva. Anatetemeka, anakufa. Lakini wapo wachache ambao ndani yao mna kitu kinachoivunja dawa kabla haijafika huko. Kinanyofoa kipande kidogo tu, na kinachobaki hakimdhuru nzi tena. Wasio nacho walikufa. Wenye nacho wakazaa, na watoto wakarithi. Hermani hakuiba. Alipulizia vizuri mno, akawaua wote isipokuwa wale wasiouawa."

"Na sisi watu, mwalimu?"

"Sisi tuna ini. Mtu akinywa pombe, ini huivunja kidogo kidogo mpaka ikaisha mwilini. Akizidisha, ini hulemewa."

"Kwa hiyo wapo mabwana ambao maini yao yameitumikia serikali kwa miaka mingi?"

"Unamzungumzia nani?"

"Simzungumzii mtu, mwalimu. Nazungumzia ini."

Mwalimu akageuka kufuta ubao, na mabega yake yakatikisika kidogo. Kisha akasema kwamba tukipata nzi ambao hawajawahi kupuliziwa dawa, tunaweza kumwonyesha Bwana Afya tofauti kwa macho yake mwenyewe.

Alhamisi baada ya masomo niliondoka na Gidabuday, mwenzangu wa darasa kutoka tambarare za Hanang, aliyekulia kati ya ng'ombe na kwa hiyo aliwajua nzi kuliko kitabu chochote. Tukaenda Nambis, ambako serikali ilikuwa bado haijafika isipokuwa kwa kodi. Tulimkuta Mama Kornelia akisafisha zizi lake.

"Shikamoo, mama. Tumekuja kuomba nzi."

"Kuomba nini?"

"Nzi, mama. Wazima."

Akatutazama nyuso, kisha akatazama sare zetu. "Wangapi?"

"Ishirini watatosha."

"Chukueni wote. Na hii ndiyo shule niliyotaka kumpeleka mjukuu wangu?"

Gidabuday alipaka maziwa ndani ya chupa ya jamu, akailaza juu ya samadi, akachuchumaa kando yake kwa utulivu wa mwenye nyumba anayengoja wageni aliowaalika. Wageni walifika. Tukafunga mdomo wa chupa kwa kitambaa, tukarudi nayo kifuani kama kitu cha kanisani.

Ijumaa asubuhi Bwana Afya alikuja na barua yake. Nilisimama mbele yake, nikaeleza yote bila mzaha hata mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kufanya jambo bila hila, na labda ndiyo sababu hakuna aliyeniamini. Mwalimu mkuu alimkumbusha mgeni kwamba ni mimi niliyemfunga mbuzi kengele ya shule, hata watu wakaenda kula chakula cha mchana saa nne asubuhi.

"Hii ni ujanja," akasema Bwana Afya.

Mwalimu Joakimu akasogea. "Basi, bwana, ni heri ufanye mwenyewe. Fungua kopo jipya, koroga, pulizia chupa mbili. Na nzi wa jikoni uwakamate mwenyewe, mkono wa mwanafunzi usiguse kitu."

Nimepanga mizaha mingi, lakini sijawahi kupanga kitu kizuri kama kilichofuata. Kwa muda wa nusu saa afisa wa serikali ya Mfalme, au tuseme ya Malkia, maana Mfalme alikuwa amefariki, alikimbizana na nzi kati ya masufuria, akipiga hewa kwa kofia yake. Wanafunzi tisini walijaa madirishani kwa nidhamu kamili. Mzee Hermani, aliyeitwa kusikia hukumu yake, alisimama mlangoni mpaka akashindwa kuvumilia.

"Taratibu, bwana. Nzi anaogopa kivuli. Shusha kofia polepole."

Bwana Afya akamtii mwizi wake, na nzi wakapatikana.

Chupa mbili alizozipulizia zilipokauka, nzi wa Nambis wakaingia moja na wa jikoni nyingine. Bwana Afya akaketi juu ya kigoda, saa mkononi. Nzi wa Nambis wakaanza kutetemeka, wakaanguka chali, na kabla ya kengele ya mchana walikuwa wamekufa wote kama raia watiifu. Wa jikoni waliendelea na matembezi. Mmoja alisugua mikono kama mtu aliyemaliza kula.

"Dawa nzuri," akasema Bwana Afya hatimaye. "Nzi mbaya."

Lakini barua ilikuwa bado mkononi mwake. Akanielekezea kidole. "Hii kijana nasema mpishi natia maji. Hii ni shahidi."

Mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kuniahidi kwamba kosa langu moja zaidi lingekuwa la mwisho, kisha ningefunga sanduku langu. Nilitazama viatu vyangu. Havikuwa na ushauri.

"Shahidi hakuona kitu, bwana. Nilisema uongo ili watu wacheke."

"Nani nacheka?"

Nikamtazama Mzee Hermani. "Kwa sasa hakuna, bwana."

Bwana Afya akaichana barua. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo wakati uleule, akaamuru lichimbwe shimo la taka, refu, lenye kifuniko, mbali na jiko, ili nzi wakose pa kuzaliana. Hilo Mzee Hermani alikuwa akiliomba tangu mwaka alioajiriwa. Mwalimu mkuu akaniambia nikafungashe.

"Samahani, bwana mkubwa," akasema Mzee Hermani akijifunga aproni. "Huyu akiondoka, shimo atachimba nani?"

Hivyo ndivyo nilivyobaki shuleni, baada ya viboko sita. Jumamosi Mzee Hermani alikuja kunisimamia, akaketi na chai yake, kiganja kikiwa juu ya kikombe.

"Ukifika kiunoni niambie."

Udongo wa Mbulu ni mzito. Jua lilikuwa limepita utosini niliposema, "Nimefika kiunoni, mzee."

"Kiuno cha nani?"

"Changu."

Akainuka, akasimama ukingoni mwa shimo ili niuone urefu wake wote.

"Changu," akasema, akarudi kuketi.