Mkubwa, Mdogo na Dereva Asiyesema

Mume wangu aliendesha mabasi ya masafa marefu kwa miaka thelathini na moja, na miaka yote hiyo kulikuwa na jambo moja nililotaka kulijua: akishika usukani kwa saa tisa au kumi mfululizo, huwa anawaza nini? Nilimuuliza mwaka wa kwanza wa ndoa. Akasema, "Nawaza barabara." Nikamuuliza tena tulipopata mapacha, na tena mapacha walipoondoka kwenda kujitegemea. Barabara. Ndani ya basi lake, juu ya kioo cha mbele, palikuwa na kibao kilichoandikwa USIZUNGUMZE NA DEREVA, na nina hakika siku moja alikibandua akaja kukigongomea nyumbani kwetu bila mimi kuona.

Kazi yangu ni kupokea wagonjwa kwa daktari wa meno. Mchana kutwa naongea na watu waliofungua midomo wasioweza kunijibu, jioni narudi kuongea na mtu aliyeufunga wake. Alipostaafu nilijipa moyo kwamba sasa atafunguka. Mwezi wa kwanza alipanga upya stoo. Mwezi wa pili akaipanga tena. Abiria walikuwa wakimwita Taratibu, na hata kustaafu alistaafu taratibu.

Ndipo asubuhi moja, akikoroga chai, akasema anataka gari la milango miwili. Dogo, la chini, lenye mbio.

"Milango miwili ya nini, Baba Mapacha?"

"Ili nyuma yangu asikae mtu."

Kwa wiki ile hayo yalikuwa maneno mengi, nikayashika kwa mikono miwili. Bahati nzuri daktari wangu alikuwa nayo mawili ya namna hiyo, yote ya kampuni moja na jina moja: toleo la zamani na toleo lililofuata. Mkewe alikuwa amempa ilani kwamba moja litoke uani. Yeye kuchagua kumemshinda.

"Chagueni nyinyi," akatuambia. "Bei ni ileile. Mtakaloliacha ndilo langu."

Jumamosi asubuhi tukayakuta mbele ya kliniki, yameoshwa, yamekaa sako kwa bako. Nikayabatiza papo hapo kwa umri, si kwa umbo: la zamani Mkubwa, lililofuata Mdogo. Mkubwa alikuwa mwembamba, wa kijivu, gia za mkono, ngozi ya usukani imeng'aa kwa viganja vya watu. Mdogo alikuwa mpana na mzito zaidi, injini yenye nguvu zaidi, gia zinajibadilisha zenyewe, na katikati ana skrini kubwa kama sinia. Nisifiche: mimi nilishakata shauri kwa Mdogo, kwa sababu ya magoti yangu. Kwa Mkubwa ilibidi nitangulize makalio, kisha niikusanye miguu mmoja mmoja kama kuni. Kwa Mdogo niliingia kama bibi harusi.

"Yote mawili yanavutwa na magurudumu ya mbele," daktari akaeleza.

Mume wangu akachuchumaa, akachungulia chini, akauliza hili na lile. Macho yake yalikuwa yamechangamka, kitu ambacho sikukiona siku nyingi.

"Basi langu injini ilikuwa nyuma," akasema. "Miaka thelathini na moja nimesukumwa. Nataka kujua kuvutwa kukoje."

Tukaanza na Mdogo. Akarekebisha kioo na kutazama nyuma, mazoea ya kuhesabu vichwa. Kwenye kona akafunga breki polepole mno, utadhani kuna watu wamesimama na mizigo yao. Nikamwambia hapa hakuna abiria ila mimi, na mimi nimefunga mkanda. Tulipofika barabara pana nje ya mji, akakanyaga mafuta. Mgongo wangu ukaganda kwenye kiti, nikapiga kelele, na kelele yenyewe ilikuwa ya furaha. Aliyeongea ni Mdogo: geuka kushoto, punguza mwendo, umeukanyaga mstari. Mkono wa mume wangu wa kubadilishia gia ulikaa pajani bila kazi.

"Unalionaje?"

"Zuri."

"Unawaza nini?"

"Barabara."

Nikamkata jicho.

Tukarudi, tukachukua Mkubwa. Humo hamkuwa na skrini wala sauti, ila injini. Alipokanyaga mafuta kwa mara ya kwanza, usukani ulitetemeka na kutaka kwenda upande, na mume wangu akacheka.

"Aisee, linanivuta kweli!"

Mkono ukaijua gia. Ya pili, ya tatu. Mbele yetu kulikuwa na mlima, akashusha gia kabla hatujaufikia, na bila kuulizwa na mtu akaanza kusema.

"Kwenye mlima kama huu kulikuwa na mzee muuza mifagio. Kila nikipita ananiinulia mmoja. Miaka kumi na moja, na sikusimama hata siku moja. Halafu siku moja hayupo. Si nilikuambia?"

"Hukuniambia."

"Nilikuambia." Akapandisha gia. "Nilikuambia njiani."

Nikageuka kumtazama. Yeye macho mbele.

"Si huwa unaniuliza nawaza nini? Nilikuwa nakusimulia wewe. Nikiona kitu nakuambia, kichwani humu, unanijibu, tunabishana. Njia nzima. Nikifika nyumbani nimeshamaliza yote. Nikawa naona nikirudia nitakuchosha."

Nilikasirika, tena sana. Miaka thelathini na moja mwanamke mwenye sura yangu amekaa kwenye lile basi akihadithiwa, na mimi nipo jikoni napasha chakula! Nilimwonea wivu mwanamke yule. Kisha nikakumbuka ni mimi, nikalia, na sikuyaficha machozi.

"Mbona kwenye lile jingine hukusema?"

"Lile linaongea lenyewe," akajibu. "Halafu mkono hauna kazi. Mkono ukikaa bure sijui pa kuanzia."

Tukafika njia panda ya kurudi kliniki. Akawasha taa ya kugeukia. Magoti yangu wakati huo yalikuwa yanalalamika yote mawili, nami nikayaacha yalalamike.

"Zima hiyo taa. Nyoosha."

"Daktari anatungoja, Mama Mapacha."

Nikatoa simu, nikampigia. "Daktari, Mdogo ni wako. Ila tutachelewa kidogo."

"Mmeharibikiwa?"

"Hapana. Kuna mambo ya kazini ananisimulia."

Nikakata simu, nikairudisha kwenye mkoba na kuufunga zipu.

"Haya," nikamwambia. "Anza na safari ya kwanza kabisa. Na mara hii nitajibu mwenyewe."

Akakohoa kidogo, akabadilisha gia.

"Safari ya kwanza," akasema, "nilimsahau abiria mmoja kituoni, na mzigo wake nikaondoka nao."

"Nilijua tu!"

Akatabasamu, macho barabarani.

"Hata siku ile," akasema, "ulijibu hivyohivyo."