Ndara Saba za Aminah

Mara saba za mwanzo tulipomsomea khitma mdogo wangu Aminah, mara zote saba alikuwa hai.

Nalisema mapema ili asije mtu akadai nilificha. Mwaka 1980, vita vilipoingia Arua na nyumba za watu wenye ndugu jeshini zikawa zinachomwa, mama yangu Hajara alituvusha mpaka wa Vurra kwa miguu. Mimi nilikuwa na miaka tisa, Aminah mitatu. Baba alikuwa ameshafariki, hivyo aliyetuongoza ni mjomba Zubeiri, kaka yake mama. Barabara ya Aru, mji wa ng'ambo ya mpaka, ilikuwa na watu waliowavua wakimbizi hata viatu. Tukapanda milima kwa njia za ng'ombe, siku nne, hadi tukatokea kwenye ziwa.

Ziwa hilo nililikumbuka kuliko nilivyomkumbuka baba. Wenyeji waliliita Maji ya Juu. Limezungukwa na majabali, halina samaki wala mtumbwi, na maji yake ni baridi mpaka meno yanauma. Ukingoni kulikuwa na nyumba kumi na mbili, zote zikitoa moshi kwenye nyasi za paa mchana kutwa, maana huko hakuna anayethubutu kuzima moto. Hapo ndipo Aminah aliposhikwa na surua. Mjane mmoja aitwaye Paska akasema mtoto akibebwa tena kwenye baridi ile hafiki popote. Aachwe kwake apone. Mama akamwambia mtoto anaitwa Santina. Tulikuwa tumeshajifunza njiani kwamba jina la Kiislamu lilitosha mtu kukuita ndugu wa askari. Mjomba akaahidi kurudi kumchukua baada ya mwezi.

Baada ya mwezi kweli alitoka kwenye kambi ya wakimbizi tulikofikia. Alikaa siku tisa. Aliporudi alivua kofia, akakaa chini mbele ya mama, akasema mtoto amefariki, yeye mwenyewe amemswalia na kumzika. Tangu mwaka uliofuata, kila Desemba mama alipika wali akaita watu, na mjomba ndiye aliyeongoza dua. Mwaka 1986 tulirudi nyumbani tukaanza upya Koboko. Mjomba akafungua duka la vitambaa, akawa mtu wa kuheshimiwa msikitini. Khitma haikukosa.

Mwaka 1992 miguu ya mama ilianza kuvimba. Shule ninayofundisha ilipofunga, aliniomba nipande nikasome Fatiha kwenye kaburi la mwanawe, nirudi nimweleze limekaaje. Mjomba hakutaka. Mara njia imeharibika, mara kuna majambazi. Mwisho akasema, "Kaburi gani, Zulaika? Miaka kumi na mbili. Sasa iko majani tu."

Nilidhani ananihurumia.

Lori la chumvi lilinivusha Vurra, na kutoka Aru nilifuatana na Saturnino, mnunuzi wa viazi aliyezoea kupanda huko. Alinicheka njia nzima. Alisema walimu wa Uganda wanapumua kama mbuzi wa mnadani, kisha akavua koti lake akanipa. Siku ya pili ukungu ulifunguka na ziwa likaonekana, dogo kuliko nililokuwa nalo kichwani.

Paska alikuwa ameinama kwenye kabichi zake. Nilijitaja, nikamtaja mama na mtoto Santina. Hakunipa mkono. Alinitazama viatu kwanza, kisha uso.

"Mama yake alikufa?"

Nikamjibu kwamba mama ni mzima, yuko Koboko.

"Basi mutu gani anaacha mutoto miaka saba?"

Nilimweleza polepole, kama unavyomweleza mtu aliyechanganyikiwa, kwamba mtoto alikufa mwaka ule ule na mjomba alikuja akamzika. Paska aliziacha kabichi. Akanishika mkono akaniingiza ndani.

Kwenye boriti juu ya moto vilining'inia viatu. Kwa sababu ya mawe na baridi, watoto wa kule hukatiwa ndara za tairi kila kiangazi kinapoanza, na zinazobana hurithiwa na mdogo. Nyumba ya Paska haikuwa na mdogo. Basi kila mwaka alitunza ndara moja, ya kushoto, ili mama akija aone mwanawe alivyokua. Zilikuwa saba, nyeusi kwa masizi. Ya kwanza ilienea kiganjani mwangu. Ya mwisho ilikaribia mguu wangu.

Alinisimulia huku akipukuchua mahindi, bila kulia. Hakuna mwanamume aliyekuja. Mtoto alipona kwa wiki mbili. Alijua kusoma kidogo na kutukana kwa lugha tatu. Kila kiangazi aliuliza kama mama anakuja mwaka huu, na Paska alimwambia vita havijaisha. Machi 1988 alikohoa siku sita.

Wakati huo tulikuwa nyumbani miaka miwili. Kutoka Koboko kwenda kule ni safari ya siku tatu.

Kaburi lipo juu kidogo ya maji, limezungushiwa mawe meupe, na msalaba wa mbao wenye jina Santina. Nilisoma Fatiha mbele ya msalaba ule. Paska akaniuliza kama aung'oe. Nikamwambia auache, ndilo jina aliloitikia.

Niliporudi nilikuta khitma ya mwaka huo inaanza. Mkeka umejaa, mjomba amekaa mbele na kanzu yake. Nilitoa mkobani ndara alizonipa Paska, nikazipanga mbele yake, ndogo hadi kubwa, nikawaambia watu zilikuwa za nani na za miaka ipi. Kisha nikamuuliza alimzika mtoto gani.

Alizitazama moja moja. "Sikufika," alisema. "Pale Aru walinipiga, nikaogopa. Siku zote tisa nilikuwa kwa muuza ugoro. Nikajua nikirudi bila jibu, Hajara atapanda mwenyewe, atafia njiani, na wewe utabaki bila mtu. Nikachagua."

Nilipomtajia mwaka 1986, tuliporudi nyumbani salama, aliinamia mkeka.

Mama hakumtazama yeye. Aliokota ndara kubwa, akaipima kwenye kiganja, akaniambia mimi: "Mwanangu alikuwa amekufa mara moja, nikamlia, nikatulia. Wewe umemfufua ukamuua mbele yangu."

Tangu siku hiyo mjomba haonekani msikitini, na duka analifungua nusu mlango. Watu wamekuja mara tatu kunisema. Wanasema hakuna anayekana kwamba alikosa, lakini mkubwa huambiwa pembeni, si mbele ya chakula cha watu. Jana mama mwenyewe aliniita kitandani kwake.

"Zulaika, ndugu niliyebaki naye ni huyo tu. Nenda umwombe radhi, nife nyumba ikiwa na watu."

Nilimkanda miguu. Nilimpikia uji, nikaukoroga mpaka ukapoa, nikamnywesha. Nilimwambia mjomba akitaka kuja kukaa naye, aje hata leo. Nitampokea kofia na chai nitamwandalia kwa mkono wangu. Lakini radhi siombi.