Neno Nililoongeza

Kwenye ile picha mdogo wangu anaitazama kamera kwa macho mawili mazima. Niliikata kutoka picha ya harusi ya binamu yetu, nikamwacha yeye, koti la kuazima, na kipande cha bega la mtu mwingine ambacho sikuweza kukiondoa. Bega lile lipo hadi leo kwenye mtandao wa wanataaluma, juu ya maneno niliyoyaandika mimi.

Alikuwa fundi friji. Fundi kweli, si wa kubahatisha: akiweka sikio mgongoni mwa friji anakwambia ugonjwa kabla hujamaliza kueleza. Ila kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, na wateja walikuja wakipotea njia. Mimi nilikuwa kwenye ofisi ya ajira ya kampuni moja, najua michezo yote ya wasifu. Nilijua waajiri hawasomi; wanatafuta neno, na asiye na neno hilo ni kama hakuzaliwa. Mwezi ule viwanda vya barafu vilikuwa vikitafuta neno moja tu, amonia, gesi ya mitambo yao ya kugandishia.

"Dada, hiyo gesi naijua kwa jina," aliniambia, mikono imejaa grisi. "Hizi friji zangu hazina."

"Utajifunza hukohuko. Kwani nani alizaliwa anajua?"

Akacheka. Alizoea kunicheka, lakini kunibishia hakuwahi, maana mimi ndiye niliyemfundisha kusoma.

Nikaandika kwenye ukurasa niliomfungulia mtandaoni: mtaalamu wa mifumo ya amonia, miaka sita. Kisha nikapita meza kwa meza, nikiomba wenzangu wauthibitishe ujuzi huo kwa kubonyeza tu kwenye simu zao. Ofisini tulikuwa na desturi yetu, nithibitishie nikuthibitishie, na hakuna aliyeuliza maswali. Mhasibu akabonyeza, dada wa mapokezi akabonyeza, mkuu wa usafirishaji akabonyeza huku anatafuna. Kufikia mchana watu kumi na wanne walikuwa wamethibitisha ujuzi wa mtu ambaye hawajawahi kumwona ameshika spana. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa langu.

Kiwanda kilimpigia baada ya siku tisa. Mama alilifua ovaroli jipya kabla halijavaliwa, eti lisije likamwasha.

Wiki ya tatu walimwambia atoe oili chini ya tangi. Valvu ilikuwa imekwama. Kwenye kazi aliyoizoea, kitu kikikwama unaongeza nguvu kidogo, naye akaongeza; valvu ikaachia, amonia ikamrukia usoni. Hakuvaa barakoa, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba mtu wa miaka sita kwenye amonia anahitaji kukumbushwa.

"Mapafu tutahangaika nayo," daktari alituambia kwenye korido. "Macho, hapana."

Siku ya nne mtu wa kiwanda alikuja wodini na ule wasifu, ameuchapa vizuri, na majina yetu sisi kumi na wanne chini yake. Mama akauliza nani aliandika uongo huu.

"Niliandika mwenyewe, Mama," mdogo wangu akasema, bandeji usoni.

Hata neno la siri la ukurasa ule hakuwahi kulijua. Nami nilikuwa nimesimama pale, nimeshika chupa ya maji, nikanyamaza. Niliogopa, na hofu ile inaniaibisha mpaka leo kuliko hata lile neno.

Miezi saba baadaye nilikuwa namkata kucha barazani. Ujumbe ukaingia kwenye simu yangu, kutoka ule ukurasa wake ambao nilikuwa sijapata moyo wa kuufuta. Ulisema kuna nafasi inayomfaa sana.

"Nani?" akauliza.

Ningeweza kumwambia ni matangazo tu. Nikamsomea. Kiwanda kilekile, kazi ileile, anahitajika haraka.

Nikamaliza kidole cha mwisho cha mkono ule. Nilijua sasa atanitukana, na kusema kweli nilikuwa nasubiri kwa hamu.

"Wajibu," akasema.

"Niwajibu nini?"

"Waambie huyo atakayekuja, valvu ya chini ya tangi inakwama. Asiilazimishe. Avae barakoa kwanza, na mlango uwe wazi nyuma yake."

Akanipa mkono wa pili. Nikaweka wembe chini kwanza, nikaandika kama alivyosema, bila kuongeza neno.