Kura ya Mdudu wa Muyama

Kijijini kwetu Muyama mdudu alipigiwa kura, na mimi nilikuwepo.

Alionekana kwenye kabichi za Mama Gentille, mjane jirani yangu: mweusi, miiba mgongoni, madoa ya rangi ya chungwa, kama mamba aliyesinyaa. Hakuna aliyemjua. Ikatumwa picha kwa bwana shamba, Kasulu. Akajibu kwa simu: "Mkijiridhisha ni mdudu mgeni, ng'oeni kabichi zote mchome." Mama Gentille hana bustani nyingine.

Serikali ya kijiji hujiridhisha kwa njia moja tu: mkutano. Wadudu wakawekwa kwenye chupa pamoja na jani, kifuniko kikazibwa kwa karatasi yenye muhuri. Akidi haikutimia, tukaahirisha wiki nzima. Mimi sisahau. Mihogo ya baba yangu iling'olewa na mkutano uliotimiza akidi, kumbe ugonjwa ulikuwa shamba la jirani.

Wiki iliyofuata chupa ikawekwa mezani. Ndani walitembea wadudu wekundu wa mviringo, wenye madoa meusi, wale ambao watoto huwatembeza vidoleni. Mmoja alikuwa bado anajitoa kwenye ganda lake.

"Wale weusi wako wapi?" akauliza mwenyekiti Ildefonsi.

"Ndio hawa," nikasema. "Wamekua."

"Kaa chini, Bazilio. Hawa hawamo kwenye ajenda."

"Muhuri wako haujabanduka, mwenyekiti."

"Basi wametoroka kitaalamu. Mtuhumiwa akitoroka, kesi haifi. Wanaosema ni mgeni wa ng'ambo ya mpaka, kule Manyovu, mikono juu."

Mikono ikapanda. Hata wa shemeji yangu, anayekula kabichi hizohizo. Mwenyekiti akasoma azimio: kabichi yoyote itakayokutwa na mdudu mweusi ing'olewe, ichomwe.

Mama Gentille akanivuta koti. "Baba, sema kitu basi."

Nikasimama tena. "Azimio lenu linasema ing'olewe kabichi itakayokutwa na mdudu mweusi. Haya, twendeni tukamkute."

Mkutano mzima ukahamia bustanini, ukafunua jani baada ya jani. Mwenyekiti alilala kifudifudi na koti lake la suti, wekundu wakimpanda kofia. Mweusi hata mmoja hakuonekana.

Akainuka, akajipangusa.

"Operesheni imefanikiwa. Serikali ya kijiji imemtokomeza mdudu. Kabichi zibaki. Mama, toa neno la shukrani."

Mama Gentille aliitazama miguu ya wajumbe.

"Asanteni, baba zangu. Sasa tokeni, mmesimama kwenye vitunguu."