Nyundo Isiyosubiri

Bega la kulia la Daouda Traoré liligoma wakati mbaya kuliko wakati wote, arusi ya Sanaba ikiwa imeshatangazwa. Mkono ulipanda mpaka kifuani ukakataa katakata kuendelea. Kuvaa kanzu kulikuwa vita. Na Daouda, mgongaji wa vitambaa vya bazini, pamba nzito ya sherehe, tangu ndevu hazijaota, alikuwa na kazi moja ambayo hakuwa tayari kumwachia mtu yeyote pale Bamako: kukigonga kitambaa cha bibi arusi.

Sanaba hakuwa mtoto wake wa kumzaa. Alikuwa binti wa Zoumana Koné, mwenzake wa gogo, aliyefariki msimu wa mvua. Wagongaji hukaa wawili wawili. Kitambaa kikishatiwa rangi na wanga kikakauka, hulazwa juu ya gogo, na watu wawili hukaa wakitazamana, kila mmoja na nyundo yake nzito ya mbao, huyu akishusha yule anapandisha, mpaka kitambaa king'ae. Binti wa mgongaji hapeleki kitambaa chake cha arusi kwa wa kuajiriwa. Hugongewa na baba yake. Zoumana hayupo, kwa hiyo amebaki Daouda, hata kama amebaki na mkono mmoja.

Mahali alipokwenda kwanza kutibiwa alipewa mpira wa kuvuta na karatasi yenye picha za mtu mwenye upara akisukuma ukuta. Daouda akausukuma ukuta wa nyumbani kwake mpaka mkewe akamwuliza kama ana mpango wa kuubomoa. Bega likabaki vilevile. Ndipo jirani akamwelekeza kwa Assitan Diarra, mtaalamu wa tiba ya viungo, binti mwembamba mwenye vidole vigumu kama vya mfinyanzi.

"Traoré?" Assitan alisema aliposikia jina. "Basi sihitaji hata kukugusa. Maharage yamejaa tumboni yakapanda mpaka begani."

"Loo! Watumwa wetu siku hizi wanavaa makoti meupe?"

"Tunavaa ili tuwatibu mabwana wanaojamba maharage."

Daouda akacheka mpaka bega likamchoma. Kina Traoré ni watani wa kina Diarra, na wa kina Koné vilevile, tangu enzi za mababu; huitana watumwa na walaji wa maharage, na hakuna anayekasirika. Kutwa nzima Zoumana alikuwa akimtukana kwa maharage juu ya lile gogo, naye akimrudishia. Tangu mazishi hakuna aliyemtukana. Watu walikuwa wakimpa pole tu, na pole zilikuwa zimemchosha.

Assitan alimlaza, akaupandisha mkono polepole, akalibonyeza bega mbele na nyuma, akamwuliza analalia upande gani na anashika nini kutwa. Kisha akaitupa ile karatasi ya mwenye upara.

"Huyu si mgongaji," alisema. "Kesho nakuja kukuona kazini."

"Utachafuka rangi."

"Afadhali rangi kuliko harufu ya Traoré."

Akaja kweli. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamwomba achukue nyundo nyepesi agonge kidogo. Daouda akagonga, huku akiuma meno. Assitan hakuutazama uso wake, alitazama nyundo tu.

"Mzee, mbona ikifika juu unaing'ang'ania?"

"Siing'ang'anii."

"Gonga tena. Haya, hapo! Mkono umesimama hewani unatetemeka, ndipo unashusha. Unamsubiri nani?"

Daouda aliinua macho. Upande wa pili wa gogo palikuwa na mkeka mtupu.

Zoumana, Daouda akamsimulia, alikuwa mzito wa kushusha, kwa sababu alikuwa akigonga huku akisimulia, na hadithi zake zote zilikuwa za uongo. Alisimulia mamba aliyepanda teksi, akasimulia mkwe wake aliyeoa mara mbili siku moja, na palipostahili kicheko alichelewesha nyundo makusudi, ili Daouda abaki na yake juu akihangaika. Wanawake wa kutia rangi walikuwa wakiutambua mlio wao tangu kona ya barabara, wakaja wakicheza na mabeseni vichwani. Ee Mungu, siku zile zilikuwa tamu! Chai ilichemka pembeni, moshi wa mkaa ukawaingia machoni, na hakuna aliyejua kwamba anachokifanya kinaitwa furaha.

"Nyundo yake ikishuka, ndipo yako ilipofuata," Assitan alisema taratibu. "Sasa yake haishuki, nawe unazidi kuisubiri, yako ikiwa juu. Bega ndilo linalobeba."

Basi akamtungia matibabu yake mwenyewe. Alianza na mikono yake kulilainisha bega, kisha fimbo ya kuinuliwa kwa mikono miwili akiwa amelala, kisha mchi mdogo wa jikoni, apandishe na kushusha bila kusimama, yeye Assitan akipiga makofi na kumtukana kila alipochelewa. Mkono ukarudi hatua kwa hatua. Ulipofika usawa wa sikio mkewe alipiga kigelegele. Lakini kila aliposhika nyundo mbele ya gogo, kule kusubiri kulirudi, na maumivu nayo.

"Nikiacha kusubiri," Daouda alimwambia siku moja, "nitakuwa nimemfukuza."

Assitan alitafuta utani, akaukosa. "Mzee wangu, bega naliweza. Hilo lingine sina dawa yake."

Siku ilipofika, Sanaba alikileta kitambaa mwenyewe, chekundu kama kokwa mbichi ya kola, kigumu kwa wanga. Wagongaji wa vibanda vya jirani wakajitolea kukaa upande wa pili. Daouda akawashukuru, akakataa. Akakipaka kitambaa nta ili king'ae, akainua nyundo, akagonga. Ikapanda, ikasimama. Bega likauma kama meno ya mbwa. Akagonga tena, ikasimama tena. Sanaba, aliyekuwa amesimama mlangoni, aligeuza uso.

"Baba, acha. Nitavaa hivi hivi."

"Utavaa kitambaa kinachong'aa," Daouda alisema.

Akainua. Safari hii hakuacha mkono usimame. Akashusha, akapandisha, akashusha, nyundo moja peke yake, bila nafasi ya mtu katikati. Mlio ulikuwa mgeni kabisa masikioni mwake, kama wa kibanda cha watu asiowajua. Kitambaa kikaanza kung'aa chini ya mikono yake.

Sanaba akasogea, akaona mabega ya mzee yakitikisika.

"Baba, linauma?"

"Haliumi," Daouda alisema. "Haliumi hata kidogo." Na akalia kwa sauti, bila haya mbele ya jirani zake, nyundo ikiendelea kushuka.