Mbao za Miguu za Bwana Pringle

Bwana Pringle alipotapika maji ya bwawa kwa mara ya tisa, nilishikwa na kichefuchefu, na si kwa kumhurumia. Alitapikia humo humo tulimokuwa tunachota maji ya kunywa.

Ilikuwa mwaka 1956, shambani kwake karibu na Saboti. Mimi ni Wekoye, seremala wa Kanduyi, niliyeletwa kujenga ghala la mahindi. Ng'ombe nao walikunywa katika bwawa hilo, lakini hilo tulilizoea. Maji yakitulia mtungini, matope hushuka. Kisha Bwana akanunua motaboti. Kila Jumapili ilizunguka ikitapakaza mafuta, na Jumatatu mke wangu Nasimiyu alileta debe lenye utando unaong'aa juu. Mafuta hayashuki. Uji ulinuka petroli. Binti yetu Nanyama aliharisha wiki mbili, akabaki macho na mbavu.

Nikaenda kuomba maji ya bomba kwa ajili ya kambi yetu ya wafanyakazi. Nilimkuta Bwana barazani akikanda goti, amenuna. Wazungu wenzake wa Kitale walikuwa wamemcheka, maana boti ikimvuta juu ya zile mbao mbili za kutelezea majini, za kufungwa miguuni, alizama palepale.

"Wewe fundi, tengeneza mbao ingine," akasema. "Mimi nasimama, nazunguka bwawa yote, wewe napata bomba huko kambi."

Nilikubali kabla hajamaliza.

Mbao zake za Ulaya zilikuwa fupi na nyembamba, za mtu mwepesi. Nikamwomba apande mizani ya mahindi. Aliona ni matusi, ila alipanda: gunia moja na debe juu yake. Basi nikaranda mbao za mti wa podo, ndefu na pana, nikachemsha ncha ndani ya pipa mpaka zikalegea, nikazipinda juu ili zisichimbe maji. Mikanda yake ya ngozi ilikuwa ikilowa inalegea, mguu unachomoka. Nikaweka mpira wa tyubu ya lori.

Bado alianguka. Jumapili tatu nilikaa ukingoni nikivuta ule moshi wa boti, nikiangalia lile tumbo jekundu likiibuka na kinyesi cha ng'ombe kifuani. Lilinichukiza, lakini nililiangalia mpaka nikaona kosa. Boti ikianza tu, alikunja mikono na kujivuta kwa pupa. Nikamwambia achuchumae majini, magoti kifuani, mikono imenyooka, atulie boti imsimamishe yenyewe. Hakupenda.

"Gunia halijiinui, Bwana," nikamwambia. "Linainuliwa."

Jumapili ya nne alisimama. Alizunguka bwawa zima, na kwenye kona akakunja magoti kama nilivyomfundisha. Naona aibu kusema hivi, lakini nilipiga makofi mpaka viganja vikaniuma.

Na ahadi aliitimiza. Mtaro ulichimbwa nikiwa kazini ghalani, mabomba yakafukiwa, mfereji wenye koki ukasimama katikati ya kambi. Kwa Bwana maji yalitoka chemchemi ya mlimani, safi kabisa, nami nikajua ndiyo hayo tutakayopewa. Sikuuliza. Nani angeuliza, mwenye shamba akishasema bomba?

Siku ya kufungua, watu walisimama na madebe yao. Nasimiyu akatangulia kwa sababu bomba lilikuwa langu. Maji yakaja kwa kishindo, ya kijani, yakajaza debe, na juu yake ukatanda ule utando unaong'aa. Nilifuata mtaro mbio. Uliishia bwawani, hatua tano kutoka pale motaboti inapofungwa.

Bwana alikuwa hapo akijifuta. Alisema bomba tumepata, sasa tunataka nini tena? Kisha akaniagiza jozi sita nyingine za mbao. Rafiki zake wote wa Kitale walitaka kujifunza, na boti mbili zaidi zilikuwa njiani.

Nikarudi kambini nikitema mate njia nzima. Nasimiyu alikuwa amemwaga lile debe, amembeba Nanyama mgongoni, anashika njia ya mtoni, mwendo wa saa nzima.

"Baba Nanyama," akaniuliza bila kugeuka, "ni nani alimfundisha huyo mtu kusimama?"